Zana Ikiachwa, Kazi Isilale

Wavuvi wa dagaa wa Ukerewe na Ukara wanaijua habari hii. Miaka mingi walivua kwa mwanga wa karabai. Zilipokuja taa za umeme wa jua, wengi wakaiacha. Karabai haikuwa mbovu, ila vipuri na mafundi hufuata soko.

Watunzi wa programu za kompyuta nao wamefikwa na jambo hilo hilo. AngularJS, maktaba ya programu iliyotolewa na Google mwaka 2010, ilipendwa mno. Mwaka 2013 Facebook ikatoa React, na wengi wakahamia huko. Mwisho wa mwaka 2021 Google ikaacha kuihudumia AngularJS. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika pia nchini mwetu, ulikuwa na sehemu zilizojengwa kwa zana hiyo; ikabidi zitungwe upya kwa React.

Zana iliyoachwa haizimiki siku ile ile. Hatari yake ni kwamba ufa wa usalama ukionekana, mwenye kuiunda haji tena kuuziba. Atakayeumia ni mwananchi wa kisiwani ambaye kumbukumbu zake zimo humo.

Kwa hiyo yatupasa, ndugu viongozi, kila tununuapo mfumo tutenge pia fedha za kuutunza na za kuuhamisha, wala tusiridhike na sherehe za uzinduzi. Vijana wa Mwanza nao washike misingi kwanza. Lugha ya JavaScript, ambayo ndiyo mzizi wa zana zote mbili, ingali ikitumika; aijuaye vema atajifunza zana mpya bila kuanza upya.