Nyoka Asiye na Masikio Husikiaje?

Mtu amtazamapo nyoka kichwani haoni sikio wala tundu la sikio. Je, mnyama huyu hujuaje kwamba adui anamkaribia?

Jibu lake ni la ajabu: nyoka husikia kwa taya. Kichwani mwake umo mfupa mdogo ulioungana na taya la chini, nao hupeleka mtikisiko wa ardhi hadi kwenye sikio la ndani. Hata sauti nzito za hewani huweza kukitikisa kichwa chake, akazisikia. Harufu nayo huikusanya kwa ulimi, akaipeleka kwenye kiungo maalumu kilichomo katika kaakaa.

Ndiyo sababu nyoka wengi hukimbia wasikiapo vishindo vya miguu. Lakini moma, aitwaye pia kifutu, mara nyingi hakimbii. Yeye huitegemea rangi yake ifananayo na majani makavu, akatulia tuli mpaka akanyagwe; ndipo aumapo. Basi atembeaye usiku, awe askari wa zamu au mama aendaye kisimani, na achukue taa na kuvaa viatu.

Aliyeumwa asichanjwe, asifungwe kamba, wala jeraha lisifyonzwe. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikisike, kisha apelekwe hospitali upesi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba nyoka huua watu 81,000 hadi 138,000 kila mwaka. Dawa ya kuipinga sumu ipo, nayo hufaa zaidi ikiwahi.