Okidi haitaki pupa

Juma hili naomba tuweke kando bei ya korosho na ubovu wa barabara, tuzungumze juu ya ua. Najua wapo watakaouliza, mtu mzima anaachaje mambo mazito akazungumzia maua? Nawaomba wanivumilie kidogo.

Miaka minne iliyopita, hapa Nachingwea, upepo ulivunja tawi la mti mkubwa pembeni mwa shamba la mikorosho la jirani yangu, mama mmoja mtu mzima. Juu ya tawi hilo palikuwa na kichaka cha okidi. Mama yule akaniita. "Mwanangu, lichukue hili kabla halijaingia jikoni pamoja na kuni." Nikamshukuru, nikalibeba.

Ilikuwa ni aina ambayo wataalamu huiita Ansellia africana. Jina hilo lilitolewa mwaka 1844 na John Lindley wa Uingereza, kwa heshima ya mtunza bustani John Ansell, aliyeikuta katika kisiwa cha Fernando Po mwaka 1841. Mashina yake hunenepa kama vipande vya muwa, na maua yake ni ya manjano yenye madoa ya kahawia, mfano wa ngozi ya chui. Okidi hii hainyonyi mti inaokaa. Hujishikiza tu, ikinywa maji ya mvua na kula uozo wa majani makavu yanayonaswa na mizizi yake iliyosimama kama sindano.

Mwaka wa kwanza niliiweka chini ya mwembe wenye kivuli kizito. Majani yakawa ya kijani kibichi kabisa, yanapendeza, lakini ua halikuonekana. Kumbe rangi ile niliyoisifu ndiyo iliyokuwa dalili ya njaa ya mwanga. Okidi ya namna hii hutaka mwanga mwingi, na majani yake yakielekea kidogo kwenye umanjano si ugonjwa.

Mwaka wa pili niliihamishia mahali peupe. Kipupwe kilipoingia, kwenye ncha ya shina moja kikachomoza kikonyo cha maua, yaani ule ufito unaobeba matumba. Hapo ndipo nilipoharibu. Kwa furaha niliileta barazani, karibu na jiko la mkaa, ili wageni waione. Kila asubuhi niliigeuza upande. Kila jioni niliimwagia maji. Kando yake palikuwa na kapu la ndizi zilizovundikwa. Kikonyo kikajipinda kama mkia wa kinyonga, kisha matumba yakaanza kugeuka manjano na kudondoka moja moja. Mke wangu aliyaokota sakafuni akayahesabu, yakawa kumi na saba. Hakusema neno, na kunyamaza kwake kuliniuma zaidi.

Je, kosa lilikuwa wapi? Kwanza, kikonyo hufuata mwanga. Ukikigeuza kila siku, kila siku kinaanza safari upya. Kikishachomoza, weka alama kwenye chombo na usikigeuze mpaka maua yafunguke. Kama ni kirefu na laini, kiegemeze kwenye kijiti na ukifunge kwa uzi usiobana, kingali kichanga, kikikomaa kitavunjika.

Pili, hewa. Tunda linaloiva hutoa gesi iitwayo ethilini, na moshi nao hubeba gesi hiyo hiyo. Ndiyo maana ndizi zikivundikwa pamoja huiva upesi. Lakini gesi inayoivisha ndizi huzeesha matumba ya okidi nyingi kabla ya wakati, yakaanguka bila kufunguka. Basi okidi yenye kikonyo isikae karibu na jiko, wala kapu la ndizi au maembe.

Tatu, maji. Mashina yakishakomaa na mvua zikiisha, maji yapunguzwe, kwani kiangazi ni sehemu ya maisha yake. Kikonyo kikitokea, ongeza maji kidogo, tena asubuhi, na uache mizizi ikauke kabla ya kumwagia tena. Maji ya mvua yaliyokingwa ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi. Badala ya udongo, tumia vipande vya mkaa na makumbi ya nazi, katika chungu chenye matundu.

Wenzetu wa Dar es Salaam hununua zaidi okidi ya dukani yenye asili ya Asia, iitwayo Phalaenopsis. Hiyo haipendi jua kali, bali mwanga wa dirishani. Kikonyo chake huhitaji majuma kadhaa ya hewa isiyozidi nyuzi 25. Joto likikaa juu ya nyuzi 28, hutoa majani tu. Basi msiitupe Januari kwa kuwa haichanui. Ingojeni Juni na Julai, mkaiweke penye hewa baridi ya usiku. Kikichomoza kitu katikati ya majani, kitazameni ncha: mzizi una ncha ya mviringo, kikonyo kina ncha bapa.

Sisi wa Nachingwea tunaijua gharama ya pupa. Ule mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulifyeka misitu kwa matrekta kabla ya kuujua vizuri udongo na mvua zake, na mwaka 1951 ukaachwa. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Mwaka huu sikuigusa. Agosti ilichanua, na mama jirani alikuja kuitazama.

Ombi langu la mwisho. Mtu asiende porini kubandua okidi juu ya miti kwa sababu ya maneno yangu. Miti inakatwa kwa mkaa na mashamba, na kila mti unapoanguka, okidi zake huanguka nao. Biashara yake kuvuka mipaka inabanwa na mkataba wa kimataifa wa CITES wa mwaka 1973. Okoa iliyokwisha anguka, na iliyo juu ya mti iache ichanue huko huko.