Msomi Aliyeuawa

Chuo Kikuu chetu kilizaliwa mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba wa leo, hatua chache kutoka soko la Kariakoo. Twakumbusha haya kwa kuwa wapo wadhanio kwamba elimu ya juu haimhusu mchukuzi wa magunia. Ndugu Walter Rodney wa Guyana, aliyefundisha hapa hadi 1974, hakuwa msomi wa namna hiyo. Kitabu chake cha 1972, kilichotolewa London na hapa mjini, kilieleza jinsi Ulaya ilivyoifukarisha Afrika na mkulima akalipwa bei duni. Kwao alinyimwa ualimu. Akawaunganisha wafanyakazi wadai kura ya haki. Tarehe 13 Juni, 1980, bomu lilimwua, umri wake miaka 38. Tume ikakiri mwaka 2016 kwamba dola ilihusika. Miaka 36 kulisema hilo!