Ekadashi: Nafaka Zikiondoka, Wanga Hubaki

Kila mwezi mwandamo una siku mbili za Ekadashi: siku ya 11 mwezi unapokua na siku ya 11 mwezi unapopungua. Kwa mwaka zinakuwa 24, au 26 pale kalenda ya Kihindu inapoongezewa mwezi wa ziada. Wahindu wengi nchini India, hasa waumini wa Vishnu, hufunga siku hizo, na vivyo hivyo jamii za Wagujarati wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam. Wachache hukaa bila kula kabisa. Wengi hushika sharti jepesi: hawali mchele, ngano wala mahindi, hawali dengu, choroko wala kunde za aina yoyote, na vitunguu huachwa. Kinachobaki mezani ni matunda, maziwa, mtindi, karanga, viazi, unga wa mbegu za mchicha, na sabudana, yaani vipunje vyeupe vinavyotengenezwa kwa wanga wa muhogo. Hata chumvi hubadilishwa, ikatumika ya mawe. Sharti lote limejengwa juu ya aina ya chakula: hiki ni nafaka, kile si nafaka. Mwili haupangi chakula hivyo. Wenyewe unapokea wanga, mafuta, protini na maji, na unajali kiasi chake na saa zilizopita tangu mlo uliotangulia. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kushika Ekadashi moja, wote bila kosa la kidini, na miili yao ikapitia mambo mawili yasiyofanana hata kidogo.

Tuanze na sabudana, kwa kuwa ndiyo mfalme wa meza hiyo, hasa Maharashtra, inakopikwa na karanga, viazi na samli. Gramu 100 za sabudana kavu zina takriban gramu 88 za wanga na protini isiyofika gramu moja. Mchele mkavu wa uzito huohuo una wanga wa gramu 80 hivi na protini kama gramu 7. Kwa hiyo anayeacha wali na dengu akala sabudana hajapunguza wanga. Ameuongeza kidogo na kupoteza karibu protini yote, isipokuwa ile itakayotoka kwenye karanga na maziwa. Viazi vikikaangwa hadi viwe krispi, theluthi moja hivi ya uzito wake huwa mafuta. Ukweli ni kwamba muhogo, viazi na karanga vyote vilitoka bara la Amerika, vikafika India baada ya mwaka 1500, vikaingia kwenye chakula cha mfungo kwa sababu tu havikuwa nafaka. Mbegu za mchicha ni afadhali sana, maana zina protini ya gramu 13 hivi katika kila gramu 100. Chumvi ya mawe nayo karibu yote ni ileile sodiamu kloridi, na mara nyingi haina madini joto yaliyoongezwa. Mwenye shinikizo la damu hapati nafuu yoyote kwa kubadilisha rangi ya chumvi.

Anayekaa kwa maji na matunda machache, kinyume chake, huupitisha mwili wake katika mabadiliko halisi. Ini huanza kutoa sukari iliyohifadhiwa humo, akiba hiyo hupungua sana ndani ya siku moja, na mafuta ya mwili huchukua nafasi kubwa zaidi ya kuzalisha nishati. Tukifanya hesabu ya karatasini, mtu anayepunguza kilokalori 1,000 katika kila Ekadashi 24 atakuwa amepunguza 24,000 kwa mwaka, sawa na takriban kilo tatu za mafuta, mradi asizirudishe kesho yake. Ni faida ya kweli, lakini ndogo, nayo inatoka kwenye kiasi kilichopungua. Wanaonukuu tuzo ya Nobel ya mwaka 2016 aliyopewa Yoshinori Ohsumi, kana kwamba imethibitisha kuwa mfungo wa siku moja husafisha seli za binadamu, wanavuka mpaka wa ushahidi: kazi yake ya msingi ilifanywa kwenye hamira.

Muumini anaweza kujibu kwamba yeye hafungi ili apungue uzito, anafunga kwa ajili ya Vishnu, na gramu za wanga hazimhusu. Jibu hilo ni la haki, wala sayansi haina neno juu ya thawabu. Lakini watetezi wa mfungo wenyewe ndio huileta sayansi mlangoni. Husema mwezi huvuta maji ya mwili kama unavyovuta bahari, na kwamba nafaka hushika maji hayo zikaleta madhara. Bahari hujaa na kupwa kwa sababu mvuto wa mwezi hutofautiana kati ya upande mmoja wa dunia na wa pili, umbali wa maelfu ya kilomita. Kati ya utosi na unyayo wa mtu tofauti hiyo ni kama haipo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba sharti la aina, hata likiwa na mianya, humfanya mtu afikirie kila tonge. Hilo nalikubali, ila halimlindi mgonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kuwa India ina watu milioni 101 wenye kisukari. Kati yao, anayetumia insulini au vidonge vinavyoisukuma kongosho kutoa insulini anaweza kushukiwa na sukari chini ya miligramu 70 kwa desilita asipokula, na akila sinia la sabudana ikapanda kwa kasi. Nirjala Ekadashi ni kali kuliko zote: haina hata maji, na huangukia Mei au Juni, wakati joto la kaskazini mwa India huweza kupita nyuzi 40. Mafigo dhaifu, ujauzito na dawa za kukojoza haviendani na siku kama hiyo. Mapokeo yenyewe hayalazimishi. Mengi huwataja wenye umri kati ya miaka 8 na 80, na mgonjwa huruhusiwa kula. Tena tarehe zote huwa zimeshachapishwa katika kalenda ya dini kabla mwaka haujaanza, hivyo mwenye kisukari anaweza kwenda nazo kliniki mapema, daktari akampangia dozi ya siku hiyo na ya asubuhi inayofuata, mfungo unapofunguliwa.