Je, Wajua? Matembezi Mitini Humsaidia Mtoto Asiyetulia

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Watoto 17 wenye ADHD, hali ya kutotulia na kushindwa kukaza mawazo, walitembezwa dakika 20 katika bustani ya umma, siku nyingine katikati ya mji, nyingine tena mtaani penye nyumba. Walikaza mawazo vizuri zaidi baada ya kutoka bustanini. Kule Tetu, Kaunti ya Nyeri nchini Kenya, hasa Ihithe alikozaliwa mwanamazingira Wangari Maathai, miti haiko mbali: Msitu wa Aberdare uko jirani.

Kwa watoto wa miaka 4 na 5 wenye ADHD, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani hupendekeza wazazi wafunzwe mbinu za malezi kabla ya kufikiria dawa: agizo moja kwa wakati mmoja, ratiba isiyoyumba, sifa papo hapo mtoto anapofanya vyema. Sukari ya chai husingiziwa tu kuwa ndiyo chanzo cha kutotulia. Kiboko nacho hakimtulizi mtoto, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inakataza adhabu ya viboko shuleni.

Mzazi, ikiwa mtoto tayari anameza dawa za ADHD, usimwachishe bila kumwona daktari.