Je, Wajua? Gluteni Haimdhuru Kila Mtu

Ukikanda unga wa ngano kwa maji kisha ukaliosha donge hilo bombani, wanga huondoka na maji meupe, na mkononi hubaki kitu cha kijivu kinachonata na kuvutika. Hiyo ndiyo gluteni, yaani protini za gliadini na glutenini zilizoshikana, na ndiyo inayofanya mkate uumuke na donge la chapati lisukumike bila kukatika. Shayiri ina protini za jamii hiyo. Mahindi, mchele, mtama, ulezi na muhogo havina.

Siku hizi inaenezwa kwamba gluteni ni sumu kwa wote. Ushahidi hausemi hivyo. Daktari Willem Dicke wa Uholanzi, aliyewatibu watoto wenye ugonjwa wa siliaki, aliona walivyopata nafuu mkate ulipoadimika katika njaa ya 1944 hadi 1945, na walivyodhoofika tena ngano iliporudi. Kwao, kinga ya mwili hushambulia utumbo mwembamba wenyewe. Hao ni takriban mtu 1 kati ya 100. Wapo watakaopinga: hawana siliaki, lakini wakiacha mkate tumbo hutulia. Nawaamini kabisa. Ila ngano ina pia fruktani, aina ya wanga inayochachuka utumboni na kuleta gesi, na huenda hiyo ndiyo inayowasumbua wengi wao. Basi mwenye shaka apime damu kabla ya kuacha ngano. Akishaiacha kwa muda, kingamwili hupungua na kipimo kinaweza kuukosa ugonjwa uliopo.