PUMU: MLUZI UKINYAMAZA, USIFURAHI MAPEMA

Leo tutazungumza juu ya ugonjwa wa pumu. Ni vigumu kupata kijiji kisicho na mtu mwenye pumu. Labda ni mtoto wako, labda ni jirani, labda ni wewe mwenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi zenye kipato kidogo. Hawakupata dawa inayofaa, au waliipata wamechelewa.

Kwanza tuelewe pumu ni nini. Ndani ya kifua mna mirija inayopeleka hewa kwenye mapafu. Kwa mtu mwenye pumu, mirija hiyo huwa imevimba kidogo kwa ndani, hata siku anayojisikia mzima. Akipata mafua, au akivuta moshi wa kuni, moshi wa sigara, vumbi la kupepeta nafaka, au hewa ya baridi ya alfajiri, mirija hukaza. Huvimba zaidi na kujaa makohozi mazito. Njia ya hewa inakuwa nyembamba. Chukua mrija wa kunywea soda, ubane kwa vidole, kisha jaribu kupumua kwa kupitia humo. Hivyo ndivyo anavyojisikia mtu aliyebanwa na pumu. Na hewa ikipita mahali pembamba hulia. Huo ndio mluzi unaousikia kifuani.

Pumu haiambukizi. Unaweza kula na mwenye pumu chungu kimoja na kulala naye chumba kimoja.

JE, UTAJUAJE KUWA HALI NI MBAYA?

Mwambie mgonjwa aseme jina lake, jina la baba yake na jina la kijiji chake. Akiweza kusema yote kwa pumzi moja, bado mna nafasi. Akisema neno moja, akavuta pumzi, akasema jingine, hali ni mbaya. Kisha mfungue nguo umtazame kifua. Kama nyama kati ya mbavu inaingia ndani kila anapovuta pumzi, na shingo inakaza, hali ni mbaya. Mtoto mchanga hawezi kusema, lakini utamwona anashindwa kunyonya. Tazama pia midomo na ulimi. Vikigeuka rangi ya buluu au ya kijivu, damu imekosa hewa.

Sasa sikiliza vizuri jambo hili, maana linawadanganya watu wengi. Mgonjwa amelia mluzi tangu jioni. Usiku wa manane mluzi unanyamaza, naye anasinzia. Watu wa nyumbani wanasema, "Afadhali, amepata usingizi." Basi wanazima taa. Kumbe mluzi umenyamaza kwa sababu hewa inayopita imekuwa kidogo mno, haitoshi hata kulia. Na usingizi ule ni uchovu wa mtu anayekaribia kushindwa kupumua. Mgonjwa aliyepona kweli huongea vizuri, hupumua taratibu, na mbavu zake hutulia. Kama mluzi umenyamaza lakini hawezi kuongea, usingoje kuche.

NINI CHA KUFANYA

Mketishe wima, ainame mbele kidogo, mikono juu ya magoti. Usimlaze. Mtoe jikoni kwenye moshi. Ndugu na majirani wasimzunguke. Usimfunike blanketi kumfukiza, maana mvuke na moshi wa majani vinaweza kumbana zaidi. Usimnyweshe mafuta ya taa wala kitu kingine cha kulazimisha. Mafuta ya taa yakiingia mapafuni yanaua.

Kisha mpe dawa ya kuvuta. Ni ile pampu ndogo ambayo wengi huiita inhela. Pampu ya kufungua kifua mara nyingi ni ya buluu, na dawa iliyomo huitwa salbutamoli. Tikisa pampu. Bonyeza mara moja, mgonjwa avute pumzi mara nne. Rudia mpaka umebonyeza mara nne. Ngoja dakika nne. Asipopata nafuu, mpe tena mara nne kwa namna ileile. Nafuu isipoonekana hapo, safari ya kwenda kwa mganga ianze, nanyi mwendelee kumpa hivyo njiani mpaka mfike. Kama tangu mwanzo zile dalili mbaya zipo, usikae kuhesabu dakika nyumbani. Ondokeni mara moja, dawa apewe njiani. Na kama hamna pampu, njia ni moja tu: ondokeni.

Wengi wanaiogopa pampu. Husema ni dawa ya mwisho, na kwamba ukiizoea huwezi kuiacha. Hayo si kweli. Dawa ya pampu inaingia moja kwa moja kwenye mirija iliyobana, na kwa dakika chache huanza kufanya kazi. Vidonge vya salbutamoli hupitia tumboni kwanza, kwa hiyo huchelewa, na hutetemesha mikono na kuuendesha moyo mbio.

Tatizo la pampu ni kuitumia vibaya. Ukiipuliza mdomoni, dawa nyingi hugonga ulimi na koo na kuishia hapo. Dawa ya tatizo hili ni chupa. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walitangaza matokeo ya kuwatibu watoto waliobanwa na pumu kwa kutumia chupa ya plastiki ya nusu lita. Chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na chombo cha kununua.

Wewe pia unaweza kuitengeneza. Chukua chupa safi ya maji au soda ya nusu lita. Pinda waya ufanane na mdomo wa pampu, upashe moto, kisha utoboe nao kitako cha chupa. Ingiza mdomo wa pampu humo. Ukaze barabara, na pembeni uzibe kwa gundi au plasta ili hewa isivuje. Mgonjwa anaweka mdomo wa chupa kinywani mwake, nawe unabonyeza pampu upande wa pili. Dawa inabaki chupani, naye anaivuta taratibu. Osha chupa kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta ndani. Mtoto mdogo asiyeweza kushika chupa kwa midomo anahitaji kifuniko cha uso. Muulize mganga.

KWA MGANGA

Ukifika, sema mambo matatu: kifua kimembana tangu saa ngapi, amepewa dawa gani na mara ngapi, na kama amewahi kulazwa kwa pumu. Mgonjwa aliyezidiwa anahitaji hewa ya oksijeni, salbutamoli zaidi, na dawa ya kupunguza uvimbe kama prednisoloni. Prednisoloni huchukua saa kadhaa kabla ya kufanya kazi, ndiyo maana kuwahi ni muhimu. Zahanati isipokuwa na vitu hivyo, omba barua ya rufaa mwende kituo cha afya au hospitali usiku huohuo. Ukipewa vidonge vya kumalizia nyumbani, vimalize hata kama kifua kimefunguka siku ya pili.

Zahanati nyingi za vijijini hufungwa usiku, na pumu hupenda usiku. Basi ulizeni mchana: nani ana funguo, na kituo gani kina oksijeni? Patana na kijana wa bodaboda kabla ya siku ya shida, namba yake ya simu ikae pamoja na chupa, pampu na akiba ya nauli.

Pampu moja ya salbutamoli hutoa dawa mara 200 hivi. Ikiisha kwa mwezi mmoja, au ikihitajika zaidi ya mara mbili kwa wiki, usinunue nyingine ukanyamaza. Pampu ya buluu hulegeza mirija, lakini uvimbe wa ndani haiuondoi. Rudi kwa mganga umwombe dawa ya kuvuta ya kinga, ambayo hutumiwa hata siku za uzima. Ipo pia pampu moja yenye dawa zote mbili. Mwenye kutumia dawa ya kinga asukutue mdomo kwa maji kila baada ya kuivuta, asije akapata utando mweupe kinywani.